Injini Isiyotulia: Anza na Hewa

Haya ni mazungumzo niliyotoa kwa wenye magari ya zamani na mafundi waliokutana Jumamosi asubuhi katika gereji moja ya Industrial Area, Nairobi. Wengi waliokosa kufika waliomba nakala, kwa hiyo nimeyaandika yote kama nilivyoyasema. Picha zilizokuwa ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, akina mama, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mliokuja na magari yenye kelele kuliko matatu za Rongai, hamjambo?

Nianze kwa kuuliza. Nani hapa gari lake limewahi kumzimikia pale mzunguko wa Globe, matatu iko nyuma inapiga honi, na mwenye mkokoteni pembeni anakuangalia kwa huruma? Inua mkono. Naam. Sasa nani, baada ya siku hiyo, alikwenda kununua spea kabla ya kujua gari linaumwa nini? Mikono imepungua, lakini nyuso zenu nazisoma.

Magari tunayozungumzia leo mnayajua. Celica, MR2, MX-5 za mwanzo, BMW za sanduku, Porsche 944, Impreza za kwanza. Baadhi yenu mlizipenda tangu utotoni, mkisimama kando ya barabara na vumbi kichwani Celica ikichukua Safari Rally mwaka 1984, ikachukua tena 1985, na tena 1986. Ni magari ya katikati. Kabureta hayana, kwa hiyo fundi wa zamani akiziona zile waya anarudi nyuma. Kompyuta yanayo, lakini ni kompyuta ya zamani, na kijana mwenye mashine ya kusomea akija anatafuta pa kuchomeka hapaoni, kwa sababu ule mfumo wa soketi moja kwa magari yote ulilazimishwa Marekani mwaka 1996 tu, na mengi ya haya yalikuwa yameshatoka kiwandani. Basi kila mtu anabaki kukisia. Na kukisia kwa Grogan, kule kwenye maduka ya spea, kuna bei.

Ninalotaka mwondoke nalo ni moja. Injini ikikataa kutulia, usinunue kitu chochote kabla hujajua hewa inaingilia wapi. Hewa kwanza. Nitalirudia mpaka mnichoke.

Kwa nini hewa? Tazameni injini inafanya nini gari likiwa limesimama na mguu wako hauko kwenye mafuta. Kile kipepeo cha throto, kisahani kinachofungua njia ya hewa ukikanyaga mafuta, kimefungwa karibu kabisa. Injini inavuta kwa nguvu zote, lakini inapewa upenyo mwembamba tu wa pembeni. Hewa inayopita pale ni kidogo sana. Sasa weka ufa kwenye mpira wa kupitisha hewa, ufa wa upana wa njiti ya kiberiti. Ukiwa unakimbia Thika Road kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika, kipepeo kimefunguka, hewa inaingia kwa wingi, na ule ufa si kitu. Ukifika Muthaiga kwenye msongamano, mguu ukatoka kwenye mafuta, ule ufa ghafla ni sehemu kubwa ya hewa yote inayoingia. Ndiyo maana mteja anakuambia, "Fundi, likikimbia halina shida, likisimama linatetemeka." Hadanganyi. Amekupa nusu ya jibu, na wewe hujamsikiliza, unamwambia alete plagi.

Lakini kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri hulichanganya, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Magari haya hayahesabu hewa kwa njia moja.

Kuna familia ya kwanza, yenye kipima hewa cha mlango. Ni kisanduku kilicho mbele ya throto, ndani kina mlango unaosukumwa na hewa inayoingia, na kompyuta inasoma mlango umefunguka kiasi gani. Kampuni ya Bosch waliuita mfumo huo L-Jetronic, wakautoa katika miaka ya 1970, na kizazi chake kimo kwenye BMW, kwenye 944, na kwenye MX-5 za injini ya 1.6. Hapa hewa inayoingilia nyuma ya kile kisanduku haijahesabiwa. Kompyuta haijui ipo. Inatoa petroli ya hewa iliyoiona tu. Matokeo? Mchanganyiko unakosa petroli, injini inatetemeka, inazimika.

Familia ya pili haina mlango. Ina sensa inayopima mvuto, yaani nguvu ya injini kufyonza hewa, ndani ya manifoldi, yale mabomba yanayogawa hewa kwa silinda. Mfumo wa kwanza wa aina hiyo kutoka Bosch ulikuja mwaka 1967, na Toyota nao wakautumia kwenye baadhi ya injini zao za 4A-GE za Japani. Hapa ukitoboa manifoldi, sensa inaona mvuto umepungua, kompyuta inadhani umekanyaga mafuta, inaongeza petroli. Kwa hiyo injini haizimiki. Inapanda! Inanguruma kwenye 1,500 na wewe umekaa tu.

Mmeona? Ugonjwa ni uleule, dalili zinapingana. Fundi aliyejifunzia BMW akiletewa 4A-GE inayonguruma juu, atasema throto imeshika. Aliyejifunzia Toyota akiletewa BMW inayozimika, atasema pampu ya petroli. Kwa hiyo kabla hujafungua boneti, jua kwanza gari lako ni la familia gani. Ni swali la bure.

Acha niwape kisa. Mzee mmoja wa Lang'ata alituletea BMW 325i ya milango miwili, safi, rangi yake bado inang'aa. Kwenye buti kulikuwa na mfuko wa gunia. Ndani ya gunia: plagi za zamani, waya za plagi, kifuniko cha distribyuta, sensa za kila namna, na vipima hewa vya mkono wa pili vilivyotoka Grogan, kila kimoja kikiwa na alama ya chaki ya duka. Pesa alizotumia sitazitaja, yuko hapa na mkewe. Na gari bado lilikuwa linazimika akirudi nyuma kuingia kwenye maegesho.

Akirudi nyuma. Hilo ndilo neno lililotusaidia. Kwa nini kurudi nyuma na si kwenda mbele? Injini imekaa juu ya mipira yake. Ukiweka gia, inajipinda kidogo, na ukiweka gia ya kurudi inajipinda upande wa pili. Kati ya kipima hewa na throto kuna mpira mkubwa wenye mikunjo, umetoka kwenye kisanduku kilichofungwa kwenye bodi unaingia kwenye injini inayocheza. Ukiutazama kutoka juu ulikuwa mzima, mweusi, umepakwa hata ile dawa ya kung'arisha matairi. Kijana wetu akauchomoa, akaubonyeza kwa kidole gumba kwenye mkunjo wa chini, ule unaotazama sakafu. Mkunjo ukafunguka mdomo. Injini ilipojipinda kurudi nyuma, mdomo ulifunguka. Ilipojipinda mbele, ulifungika. Mpira mmoja! Mzee akauchukua akaukunja na kuukunjua mara nyingi bila kusema kitu, halafu akauliza gunia tutalirudisha duka gani.

Basi mtatafutaje? Kwa familia ya mlango kuna kipimo kisicho na gharama. Injini ikiwa inanguruma, fungua kifuniko cha oili. Kwenye gari zima la aina hiyo, injini inapaswa kushtuka, itetemeke, pengine izimike, kwa sababu umeipa hewa isiyohesabiwa kupitia njia ya kupumulia ya krankikesi, ile sehemu ya chini ya injini. Ukifungua na haijali, jiulize: je, ilikuwa tayari inavuta hewa kwingine? Na kumbuka kwamba raba ya kifuniko hicho, na ile ringi ndogo ya kijiti cha kupimia oili, nazo ni mlango wa hewa. Watu hawaziangalii.

Baada ya hapo fuata hozi moja moja. Ile nene ya busta ya breki. Zile nyembamba zilizokauka zikawa ngumu. Raba za nozeli zinazopuliza petroli. Gasketi ya manifoldi. Kuna wanaopuliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye injini ya moto ili wasikie ikibadilika. Nawaomba mwache. Dawa ile inawaka, na eksozi iko pale pale. Chukua chupa ya kunyunyizia maji, ile ya kinyozi. Maji yakiziba ufa kwa sekunde, utasikia mngurumo umebadilika. Na nyinyi mlio na mikono ya jua kali, tengenezeni mashine ya moshi: kopo la chuma lenye kifuniko cha kubana, plagi ya kupashia injini ya dizeli, mafuta ya mtoto kidogo, na pampu ndogo. Ziba njia ya hewa, ingiza moshi, washa tochi, tazama unatokea wapi. Lakini presha iwe ndogo, ya pumzi tu. Ukiunganisha kompresa ya matairi utasukuma sili zilizokuwa nzima, na utakuwa umejitafutia kazi.

Sasa kuna ile inayopanda na kushuka. Mnaijua. Vuuu, inapanda 1,800. Puuu, inashuka 1,000. Inapanda tena. Gari limesimama na linavuta pumzi peke yake, na mwenyewe anaona aibu kwenye geti la ofisi. Ni nini kile?

Ni kompyuta inayofanya kazi yake sawasawa. Sikilizeni. Magari haya yamefundishwa kuokoa petroli: ukitoa mguu kwenye mteremko, throto imefungwa lakini injini inazunguka kwa kasi, kompyuta inakata petroli kabisa. Inaangalia hasa mambo mawili, throto imefungwa, na mizunguko imevuka kiwango fulani, mara nyingi mahali kati ya 1,500 na 2,000. Sasa kukiwa na hewa ya ziada inayoingia huku throto imefungwa, injini inapanda yenyewe mpaka inavuka kile kiwango. Kompyuta inadhani unateremka Limuru. Inakata petroli. Injini inaanguka. Petroli inarudi. Injini inapanda. Inakatwa tena. Inaweza kuendelea hivyo mpaka tangi liishe. Kwa hiyo ukiona mchezo ule, usilaumu kompyuta. Uliza: hewa ya ziada inatoka wapi?

Tuliletewa MR2 ya kwanza, ile ya pembe pembe iliyotengenezwa kuanzia 1984, injini nyuma ya kiti. Inapanda, inashuka. Walishaibadilishia vali ya hewa na throto nzima. Mwenyewe, kijana mpole sana, alisema shida ilianza baada ya kuongezewa maji kwenye kituo cha petroli. Fundi mmoja akacheka, maji na mngurumo wapi na wapi?

Wapi na wapi? Kwenye injini nyingi za wakati ule kuna vali inayoipa injini hewa ya ziada asubuhi ikiwa baridi. Ndani yake kuna nta. Maji ya injini yanapita karibu nayo, yakipata moto nta inavimba, inasukuma, inafunga ile hewa. Maji yasipofika pale, nta inabaki baridi, na vali inabaki wazi siku nzima. MR2 ina rejeta mbele na injini nyuma, na mabomba marefu yanapita chini ya gari. Ukiongeza maji kwa haraka hewa inanaswa ndani. Kipovu kilikuwa kimekaa sawasawa pale penye nta. Tulishika ile vali kwa mkono, injini imeshapata moto, mshale wa joto uko katikati, na vali ni baridi. Tukatoa hewa kwenye mabomba kama kitabu kinavyosema, polepole, hita ikiwa wazi. Ikatulia. Hakuna spea iliyonunuliwa.

Na hapa niseme neno kali kidogo kwa mafundi wenzangu, mnisamehe. Nani alitufundisha kutoa themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto? Nimeisikia tangu nikiwa mwanagenzi: "Nchi hii ni ya joto, themostati ni ya Ulaya." Nairobi ya Julai ni nchi ya joto? Gari la kabureta likitolewa themostati linaweza kukuvumilia. Hili halikuvumilii. Kompyuta ina sensa yake ya joto la maji, tofauti na ile ya mshale wa dashibodi, na hiyo ndiyo inayoiambia injini ni baridi au ni moto. Ukitoa themostati, maji hayafiki joto linalotakiwa, hasa asubuhi na hasa kwenye mwendo. Kompyuta inaendelea kumwaga petroli ya injini baridi na kushikilia mngurumo juu. Plagi zinakuwa nyeusi, mwenye gari anasema linakunywa, na wewe unamuuzia nozeli! Rudisheni themostati. Kama injini inachemka, tafuteni kwa nini inachemka.

Ile sensa yenyewe inapimika kwa mita ya umeme ya bei ndogo. Kwenye Bosch na kwenye Toyota nyingi, maji yakiwa nyuzi 20 utapata kama omu 2,000 hadi 3,000. Yakifika nyuzi 80, omu mia tatu hivi. Ukipata omu 2,500 na injini inachemsha chai, umempata mwizi. Kama namba ni nzuri kwenye sensa, pima tena kwenye soketi ya kompyuta, maana waya iliyooza katikati inadanganya vilevile. Na mwacheni yule kijana wa car wash aoshe magurudumu tu. Mashine ya presha kwenye injini ya umri wa miaka thelathini inapeleka maji ndani ya kila soketi.

Nije kwenye skrubu. Ee, skrubu!

Dada mmoja, daktari, alikuwa na MX-5 ya kijani. Ilikuwa inazimika, fundi wa mtaani akamsaidia kwa dakika moja: akachukua bisibisi, akazungusha skrubu inayozuia kipepeo cha throto kisifunge kabisa. Gari halikuzimika tena. Kila mtu akafurahi. Baada ya muda akaona petroli inaisha haraka, na akitoa mguu gari linaendelea kuvuta. Ile skrubu haikuwekwa pale ili kurekebisha mngurumo. Iliwekwa kiwandani, ikapakwa rangi, ili kipepeo kisijikwame. Ukiizungusha unaachanisha swichi inayoiambia kompyuta kwamba mguu umetoka. Kompyuta haijui tena kwamba gari limesimama. Haidhibiti mngurumo, haikati petroli kwenye mteremko. Umemziba mlinzi macho.

MX-5 ina skrubu nyingine kwa kazi hiyo, ya kupitisha hewa pembeni, imefichwa chini ya kifuniko cha raba. Unaiwasha injini mpaka ipate moto, taa zote na feni zikiwa zimezimwa, unaunganisha pini za TEN na GND kwenye kile kisanduku cha vipimo ili kompyuta iache kuingilia, halafu unarekebisha mpaka mizunguko 850. Toyota nao wana pini za TE1 na E1 kwa kuweka taimingi, yaani wakati wa cheche ya plagi, na kusoma makosa kwenye taa ya injini. Kila gari lina utaratibu wake, na upo kwenye kitabu chake. Tulirudisha skrubu ya daktari mahali pake, tukasafisha masizi meusi kwenye throto na kwenye vali ya mngurumo, na yale masizi ndiyo yaliyokuwa ugonjwa tangu mwanzo.

Plagi, waya, distribyuta: ziangalieni, mnajua kuziangalia, sitapoteza muda wenu. Nyaya za athi kati ya injini, bodi na betri zikwangue na kuzikaza. Petroli nayo inuseni. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulitusumbua sana kabla ya tozo ya 2018 iliyowekwa kwenye mafuta ya taa, na mwenye gari la injini kali hapaswi kujaza popote tu kwa sababu foleni ni fupi.

La mwisho linahusu mji wetu wenyewe. Namba za vitabu hivi ni za usawa wa bahari. Nairobi iko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi. Presha ya Mombasa ni kama kilopaskali 101, hapa ni kama 83. Kwa hiyo geji ya mvuto, ambayo ni chombo kizuri sana na cha bei nafuu, haisomi hapa kama inavyosoma kitabuni. Kitabu kinasema injini nzima isome inchi 18 hadi 21 za zebaki. Toa inchi moja kwa kila mita 300 hivi. Hapa injini nzima itasoma kama 12 hadi 15. Limuru pungufu zaidi.

Nimeona mtu akiambiwa ringi za pistoni zimekwisha kwa sababu geji ilisoma 15. Alishaanza kutafuta injini nyingine! Tukapima kompresheni, silinda zote nne zikawa karibu sawa. Injini ilikuwa nzima, na ilikuwa Nairobi. Basi mkisoma geji, tazameni sana mshale unavyokaa kuliko namba. Ukitulia chini kuliko ilivyo kawaida ya hapa, tafuteni uvujaji wa hewa au taimingi iliyochelewa. Ukidunda kwa mpigo uleule, silinda moja ina vali isiyofunga.

Maneno yametosha. Ile Celica nyeusi mlangoni mwenyewe amesema inapanda na kushuka, na hakuna aliyeigusa bado. Injini imeshapoa vya kutosha kufungua kifuniko cha rejeta. Tutaanza na maji, kisha mipira, kisha moshi. Anayetaka kuona akae upande wa kulia, mbali na feni. Na wenye sigara, tafadhali, wabaki nje ya geti.